Mwendo wa Bwana Miiba

Juzi, vijana, mlikuja nyumbani na mashine yenu, mkanionyesha kobe mliyemchora anayecheza mpira. Kobe mzuri. Mmoja wenu akaniuliza, "Muzee, wakati yenu mulikuwa munachoraka katuni na nini?" Nikamjibu kwa mzaha kwamba tulichora kwa makasi, uji wa muhogo na mende. Mkacheka, nami nikacheka. Lakini mlipokwisha kuondoka nilibaki kwenye kiti mpaka chai ikapoa mkononi, maana nilikuwa nimewapa nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba tulichora kwa mguu wa mtu, na mtu huyo hatukumwomba. Ndiyo sababu niliwauliza mara mbili mwendo wa kobe wenu mliutoa wapi, na ndiyo sababu sasa nawaandikia.

Habari ya mende haikuwa mzaha mtupu. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu wa darasa la pili kwenye shule ya misioni, juu vilimani Masisi, mwendo mfupi kutoka kijiji cha Kibabi. Nilikuwa na mkono wa kuchora. Nikichora ng'ombe ubaoni, wanafunzi walibishana ni wa nani. Ndipo akaja Padri Amandi, mtu mrefu mwenye kamera, ambaye alitaka kutengeneza sinema za kufundisha vijijini, si sinema za watu bali za wanyama waliochorwa. Akaniomba kwa mkuu wa shule siku mbili kwa juma. Baada ya mwezi nilikuwa wake juma zima.

Hatukuchora kila picha upya kama mnavyodhani. Tulimchora mnyama mara moja juu ya karatasi ngumu, kisha dada Perpetua, aliyekuwa fundi wa kushona nguo za misa kwa masista, alimkata vipandevipande kwa makasi yake: kichwa mbali, mkono mbali, paja mbali, unyayo mbali. Vipande tuliviunga kwa uzi. Mandhari tuliyabandika kwa uji wa muhogo. Na mende wa Masisi wanaupenda uji huo kuliko sisi tulivyoupenda. Asubuhi moja tulikuta kilima kizima kimeliwa, pamoja na nusu ya kanisa. Tangu siku hiyo Perpetua akawa anachanganya uji na pilipili.

Mnyama alilazwa mezani chali, kamera ikaning'inia juu yake ikitazama chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Unasogeza mguu kidogo, unapiga picha moja. Unasogeza tena, unapiga nyingine. Siku ya kwanza Padri alinipa jani la mharagwe, akaniambia nilitembeze kutoka upande huu wa meza mpaka ule. Nikaanza saa mbili asubuhi. Nilipomaliza jua lilikuwa limeelekea magharibi, upande wa Walikale, na mgongo wangu umekuwa upinde. Nilikuwa nimepiga picha tisini na sita. Nikauliza, "Padri, hii itakuwa sinema ya saa ngapi?" Akahesabu kwa vidole. "Sekunde sita," akasema.

Nilidhani Kiswahili kimemponyoka. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na Perpetua akaja kuniuliza kama nimeumwa. Nilimwambia kwamba kazi yangu ya siku nzima ni ndefu kama kikohozi kimoja. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi kaka, tujifunze kukohoa muzuri."

*

Mtu wa nne katika kazi yetu alikuwa Papa Zakaria, seremala wa misioni. Ndiye aliyetengeneza ile meza na mkono wa mbao ulioshika kamera. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye maneno machache, na mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti. Sote tulijua kwamba Papa Zakaria anachechemea, kama tunavyojua kwamba Masisi kuna baridi.

Mengi ninayoyajua yalitoka kwake. Wanyama wangu wa kwanza walivunjika magoti, kwa sababu uzi niliufunga katikati ya kipande. Akamchukua mmoja, akamgeuzageuza, akanipeleka kwenye mlango wa karakana yake akaniambia nitazame bawaba. "Mwalimu, mulango haizungukake kwa kati. Goti nayo njo vile." Tangu siku hiyo sikuvunja goti. Siku nyingine alinikuta nikikata karatasi haraka, akanishika mkono. "Mbele ya kukata, angalia kwanza. Ubao utakuambia mwenyewe fasi inataka kupasuka." Yeye alikuwa anasema habari ya mbao, mahali zinapopasukia. Mimi nimeishi kwa maneno hayo miaka yote katika kuchora.

Niwape jambo moja la ufundi hapa kabla sijasahau. Mnyama wako mkate kwenye karatasi nyeusi tupu, bila macho, bila nguo, umweke nyuma ya kitambaa chenye mwanga. Mtoto akipita asipomtambua kwa kivuli, rangi haitakusaidia. Kwa kipimo hicho ndipo tulipompata Bwana Miiba.

Padri alitaka sinema juu ya wizi wa mazao. Msimu ule watu walilalamika sana kwamba mashamba yanachumwa na watu wasioyalima. Tulijaribu kumfanya mwizi awe nyani, tukamwacha, kila mtu anamjua nyani. Tukajaribu nguruwe, kivuli chake kikafanana na gunia. Kisha nikachora nungu aliyesimama kwa miguu miwili, amevaa shati fupi, miiba imetoka mgongoni mpaka mtu hawezi kumfuata nyuma. Nilipomweka nyuma ya kitambaa, mpishi wa misioni aliyekuwa anapita na ndoo alisema bila kusimama, "Huyo nungu ataiba kitu." Tukajua tumefika.

Lakini hakutembea. Alikuwa anateleza, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi asianguke. Kumbukeni kwamba filamu yetu ilisafishwa Ulaya. Ilikwenda kwa meli na kurudi baada ya miezi mitatu, na ndipo uone ulikosea nini. Mara ya kwanza tulimkuta inzi. Alikuwa ametembea juu ya mbingu yetu tukiwa tunapiga picha, na ukutani akatokea mkubwa kama mbuzi, akavuka jua, akasafisha mikono yake. Watoto walimpenda kuliko nungu. Mara ya pili nungu aliteleza tena. Miezi sita imekwenda. Padri akaniambia, "Mwalimu, acha karatasi. Tazama watu."

Basi nikatazama. Nikaenda kukaa kwenye karakana ya Papa Zakaria, kwenye rundo la maranda, na daftari langu.

Majuma matatu nilihesabu mwendo wake. Mguu mzuri ulichukua picha tano. Mguu mbaya ulichukua tisa: bega linapanda, kiuno kinasubiri, mkono unashika paja, halafu mguu unafuata kama mtoto anayevutwa kwenda shule. Kila hatua ilikuwa tofauti na nyingine, na bado ilikuwa ileile. Ilikuwa na uzito. Yeye aliniona nikiandika akadhani ninajifunza useremala, akawa ananitajia majina ya mbao. Mchana aliniletea viazi vya kuchoma.

Nilipoanza kumtembeza Bwana Miiba mezani, Perpetua alisimama nyuma yangu kwa muda na makasi mkononi.

"Kaka Anselmi," akasema, "ule mwendo niko naujua."

"Ni mwendo wa nungu."

"Hapana. Nungu haishikake paja."

Nilimwambia aendelee kukata majani. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya mwalimu, na yeye akaenda kukata majani.

*

Filamu iliporudi tulikuwa tumeshaingia msimu mwingine wa mvua. Tuliionyesha Kibabi, Jumapili baada ya misa, katika darasa kubwa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya wanafunzi wa bweni ili jua lisiingie. Mashine ya umeme ilinguruma nje. Sinema zetu hazikuwa na sauti. Mimi nilisimama pembeni mwa shuka nyeupe na fimbo yangu nikawa msemaji, nikisimulia na kuwasemea wanyama wote. Watu walijaa mpaka mlangoni. Papa Zakaria alikuwa kwenye benchi la mbele, benchi alilolitengeneza mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwalika, nikamwekea nafasi ile, yeye na mkewe Mama Venansia.

Bwana Miiba akatokea kwenye shamba la maharage, akatembea.

Sijui niwaeleze namna gani. Kwa mara ya kwanza karatasi ilikuwa na mifupa. Bega lilipanda, kiuno kikasubiri, akashika paja, akauvuta mguu. Watu walishusha pumzi pamoja. Halafu wakacheka. Papa Zakaria naye alicheka. Nilimwona kwa mwanga wa shuka, amefungua mdomo, anafurahia kazi ya meza yake.

Nami nikaongeza. Hili ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu kwa kinywa. Nilipoona wanacheka, damu ilinipanda, nikaacha fimbo, nikaanza kutembea mbele ya shuka kama Bwana Miiba. Nikapandisha bega. Nikashika paja. Nikasema kwa sauti ya nungu, "Maharage ya jirani njo tamu kuliko yangu." Darasa likapasuka. Ndipo sauti ya mtoto mmoja ikatoka katikati, safi kabisa, "Ni Papa Zakaria."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama kile cha kwanza. Vichwa viligeuka kuelekea benchi la mbele. Nami nikageuka, mkono wangu ungali kwenye paja.

Alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki usoni kama kitu alichosahau kukiweka chini. Alinitazama mimi, akatazama shuka, akatazama mkono wangu. Kisha akasimama. Ili kufika mlangoni ilibidi apite darasa lote, katikati ya mabenchi, na mwanga wa sinema ukamfuata mgongoni. Bega likapanda, kiuno kikasubiri, mguu ukafuata. Mbele yake ukutani kulikuwa na kivuli chake, na nyuma yake kwenye shuka Bwana Miiba alikuwa anakwenda vilevile. Walioanza kucheka walinyamaza mmojammoja. Mama Venansia alimfuata bila kumtazama mtu.

Sinema ilikuwa na dakika nne zaidi, ikaenda mpaka mwisho bila mtu kuisemea.

Jioni ile nilikwenda kwake, mlango ulikuwa umefungwa. Kesho yake pia. Nilijiambia atapoa. Siku ya tatu, maharage ya mama mmoja wa kijiji yakaibwa shambani, na mama yule akasimama njiani akasema mbele ya watu, "Tuliona kwa sinema nani anaibaka." Kapita, yule msimamizi wa kijiji, akaenda na watu wawili nyumbani kwa Papa Zakaria, wakapindua vitanda, wakamwaga mtungi. Hawakukuta hata punje. Hakuna aliyemwomba radhi. Mwizi wa maharage yale hajulikani mpaka leo.

Jumamosi nilikuta karakana wazi na yeye hayumo. Vifaa vyake vyote vilikuwa ukutani: randa, patasi, misumeno miwili. Perpetua alikuwa ameketi kwenye rundo la maranda, mahali pangu.

"Wameenda Kibua," akasema, "kwa wazazi ya Mama Venansia. Asubuhi mapema. Ameacha vifaa, kaka. Seremala ameacha vifaa."

Nikanyosha mkono kwenye randa. Akaniwahi. "Mi nilikuambiaka. Tena na mi nilikata ule muguu na makasi yangu. Tuko sisi wote."

*

Padri Amandi hakuwa mtu mbaya. Nilipomweleza, alishtuka kwanza, kisha akasema, "Lakini Mwalimu, ni mnyama tu. Ni karatasi." Alikuwa amekwisha kupanga safari. Sinema ilitakiwa ishuke Walikale, vijiji sita, na kijiji cha tatu kilikuwa Kibua. Nilimwomba tuache Kibua. Akakataa. Kazi ya zaidi ya mwaka, akasema, haiwezi kufungiwa kabatini kwa sababu ya mtu mmoja aliyeona aibu.

Basi nikapanda lori pamoja naye, nikiwa nimekaa nyuma juu ya sanduku la mashine, na chini ya miguu yangu gunia la vifaa vya Papa Zakaria. Mnajua barabara ile inavyoteremka kutoka vilimani mpaka msituni, joto linavyokupokea. Vijiji viwili vya kwanza nilisema sinema kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba, na Padri akaniuliza kama nina homa.

Kibua tulifika asubuhi. Padri akabaki kwa mkuu wa kijiji, mimi nikabeba gunia nikauliza njia. Mama Venansia alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, mbele ya nyumba ya wazazi wake. Aliniona, hakuacha kutwanga. Papa Zakaria alikuwa nyuma ya nyumba, anachonga kiti kwa panga, kwa kuwa hakuwa na kingine. Niliweka gunia chini. Nilipiga magoti. Alisubiri nimalize kupiga magoti, kisha akanionyesha gogo nikae.

"Mwalimu," akasema, "ulihesabia mwendo yangu kwa wiki tatu."

"Ndiyo, Papa."

"Niliona unaandika. Nilifikiri unaandika majina ya mbao. Wiki tatu, na siku moja haukuniuliza hii muguu ilivunjikaka namna gani."

Ni kweli. Niliujua mguu ule kuliko mke wake, na sikuwahi kuuliza.

Akanieleza bila haraka, huku anachonga. Ilikuwa wakati wa vita vya wazungu. Yeye na wenzake walichukuliwa kufanya kazi ya barabara, upande wa Hombo, kuweka magogo ya daraja. Siku ya mvua gogo moja lilitoka kwenye kamba likaanza kushuka. Chini yake alikuwepo mwenzake, ameinama anachimba, hasikii. Papa Zakaria alimsukuma. Gogo likamkuta yeye.

"Mwenzangu iko muzima. Iko na batoto sita. Kapita ya kazi aliandika mu kitabu kama nilikuwa nimelewa kasiksi, juu asiulizwe habari ya kamba. Wakaniacha pembeni ya barabara. Bantu ya huku njo walinibeba kwa mabega mu kipoyi mpaka hapa. Mama Venansia, hatujaoana bado, njo alinifunga na majani. Ni hapa nilijifunza kutembea mara ya pili." Akapuliza unga wa mbao. "Mara ya kwanza waliandika ni mulevi. Mara ya pili wewe umeandika ni muizi. Na yule wa kwanza hakuwa rafiki yangu."

Mchi ulikuwa umenyamaza upande wa mbele. Nilijua Mama Venansia anasikiliza.

Nilimwambia nitaichoma filamu. Akatikisa kichwa. "Usichome. Kazi ni muzuri, niliona. Nilicheka mimi mwenyewe." Hilo liliniuma kuliko yote. "Lakini mwendo yangu unirudishie. Kama ule muizi anahitaji mwendo, mupe yako."

"Yangu, Papa?"

"Njo vile. Ya mwenzako umejua kuihesabia. Hesabia yako. Na siku utaonyesha, uwaambie bantu ya Kibabi habari ya Hombo. Mi sitasema. Wewe mwenyewe uko na mudomo."

Nikarudi kwa Padri nikamwambia sitasema sinema ya Bwana Miiba Kibua, wala kwingine. Uso wake ukawa mwekundu. Bila msemaji, sinema bubu ni shuka tu, naye alijua Kiswahili chake kinachekesha watu mahali pasipopaswa. Nikamweleza habari ya gogo, ya kamba, ya kitabu cha kapita. Alisikiliza amesimama. Kisha akakaa kwenye ngazi ya lori. Mkuu wa kijiji akatuletea maji, akarudi nayo.

"Meza ile alinitengenezea yeye," Padri akasema mwishoni. "Miaka yote hii yuko karibu yangu. Mimi pia sikumuuliza." Halafu, "Ni picha ngapi, zile anazotembea?"

"Karibu elfu mbili."

"Basi tugeuze lori."

Kabla ya kugeuza tuliwaonyesha watu wa Kibua ile sinema ya inzi. Walifurahi sana.

*

Sasa sikilizeni, hapa kuna ufundi ambao hakuna shule itakayowapa. Mtu hawezi kuuona mwendo wake. Nilijaribu. Nilitembea mbele ya dirisha la sakristia, nikajiona ninatembea vizuri, kifua mbele, kama mtu wa kuheshimiwa. Nikamwambia Perpetua kwamba mwendo wangu hauna kitu cha kuchekesha, hautafaa kwa mwizi. Akaniangalia tu. "Kaka, wewe tembea. Kuhesabia ni kazi yangu."

Akahesabu majuma matatu, kutoka dirisha la masista, kutoka nyuma ya mti wa parachichi, kutoka kwenye foleni ya komunyo. Aliandika kwenye daftari na hakunionyesha. Tulipoanza kupiga picha, yeye ndiye aliyesogeza vipande, mimi nilibonyeza kamera tu na sikupewa ruhusa ya kuinama. Elfu mbili kasoro kidogo. Mwezi wa pili mikono yake ilivimba, akaendelea. Filamu ikaenda Ulaya, tukangoja miezi mitatu, na kwa miezi hiyo sikulala vizuri, nikijiuliza nitamwona nani.

Tukarudi Kibabi, darasa lilelile, mablanketi yaleyale. Kabla mashine haijawashwa nilisimama mbele nikawaambia watu habari ya Hombo. Nilitaja kazi ya barabara, mvua, gogo, mtu aliyekuwa ameinama. Nilisema kitabu kiliandika uongo, na kwamba mimi niliandika wa pili. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye bati. Yule mama wa maharage aliinamisha uso kwenye kitenge. Kapita alikuwa anatazama viatu vyake.

Padri akawasha mashine. Bwana Miiba akaingia shambani.

Sikumtambua. Nawaapia, kwa hatua tatu za kwanza sikumtambua. Niliona mtu anayetembea shingo imetangulia kama anayenusa sufuria ya jirani, makalio yamebaki nyuma, mikono inaning'inia mbali na mwili kama iliyotoka majini. Nikawaza, huyu ni nani, mbona anajidai hivi. Kisha kundi la wanafunzi wangu likalipuka kwa pamoja. "Mwalimu. Ni Mwalimu Anselmi."

Nilikuwa nimesimama pembeni mwa shuka na fimbo, watu mia wananitazama mimi, wanamtazama yeye, wananitazama mimi tena. Nilitamani ardhi ya Kibabi inifungukie. Miguu ilitaka mlango. Na hapo ndipo nilipoelewa, kwa mwili wangu mwenyewe, urefu wa njia kati ya benchi la mbele na mlango ule. Sikwenda. Sinema haikuwa na msemaji mwingine. Nikafungua mdomo, nikatoa sauti ya nungu, ikatoka imepasuka. Nikasema tena. Nilimsemea mwizi mwenye mwendo wangu kwa dakika tisa, mpaka alipotumbukia shimoni na wenye shamba wakamtoa, watu wakicheka mpaka wanafuta machozi.

Mablanketi yalipoondolewa na jua likaingia, nilimwona Papa Zakaria. Alikuwa mlangoni, amesimama na Mama Venansia na kifurushi chao. Walikuwa wamesikia siku ya sinema, wakapanda lori la mawese kutoka Walikale, hawakumwambia mtu. Sikujua aliingia saa ngapi, kama alisikia nilichosema mwanzoni ama la. Watu waliokuwa karibu na mlango walijitenga kumpisha, na mzee mmoja akavua kofia.

Alikuja mpaka mbele kwa mwendo wake, taratibu, akasimama karibu nami. Alitazama shuka lililokuwa tupu.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "muguu yako ya kushoto unaiburuta kidogo. Ulikuwa unajua?"

"Hapana, Papa. Leo ndipo nimeona."

"Mm." Akaniwekea mkono begani, mkono mzito wa seremala. "Basi sasa tuko wawili."